Salamu za Kiuzbeki Hazikatwi

Neema, binti wa dada yangu, alizaliwa Wheaton na sasa anasoma chuo Fairfax. Juzi tulipokuwa tunaosha vyombo aliniuliza, "Mjomba, job yako hasa ilikuwa nini? Mama anasema ulikuwa una-translate Kirusi."

"Kiuzbeki."

"Si ni kitu kimoja tu?"

Hapo ndipo nilipoona afadhali niandike. Siandiki kwa ajili ya Neema peke yake. Naandika kwa ninyi nyote mliokua mkisikia Kiswahili jikoni na kujibu kwa Kiingereza, na ambao siku hizi mnanisimamisha baada ya ibada mkiniuliza kama ukalimani unalipa. Nimeifanya kazi hiyo kwenye hospitali na kliniki za Virginia na Maryland kwa miaka ishirini na kitu, mpaka masikio yangu yakanistaafisha kabla ya umri. Mkalimani anayesema "Eh?" mara mbili kwa kila sentensi anachekesha siku ya kwanza tu.

Niwaondolee udadisi mapema. Mtu wa Singida anajifunzaje Kiuzbeki? Anapelekwa kusomea umwagiliaji. Enzi hizo Umoja wa Kisovyeti ulikuwa haujavunjika na ulikuwa unatoa nafasi za masomo. Nilijaza fomu nikidhani naenda Moscow kuona theluji. Wakanipeleka Tashkent, kwenye jua kali kuliko la kwetu, nijifunze kumwagilia pamba. Darasani tulifundishwa kwa Kirusi. Kiuzbeki nilikipata kwa njia ya tumbo. Mpishi wa bweni letu, mama mmoja tuliyemwita Hamida-opa, yaani dada Hamida, alikuwa na sheria yake: anayetaka kuongezewa wali aombe kwa lugha ya mpishi. Nilikuwa na miaka ishirini na njaa ya watu watatu. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa naomba wali kwa ufasaha ambao profesa wangu wa Kirusi hakuwahi kuusikia kutoka kwangu. Umwagiliaji wenyewe sikuutumia hata siku moja. Kibustani changu hapa mjini Falls Church kimekauka tangu nihamie.

Sasa lugha yenyewe. Kiuzbeki ni ndugu wa Kituruki na Kikazaki, ila kimekaa karne nyingi nyumba moja na Kiajemi, na pia kikachukua maneno ya Kiarabu kwa mlango ule ule wa dini na elimu tuliochukulia sisi. Kwa hiyo mtu wa Kiswahili anapokaa kukisikiliza kwa mara ya kwanza anahisi kuna jamaa zake wamejificha mle ndani. Kitob ni kitabu. Vaqt ni wakati, xabar ni habari, dunyo ni dunia, javob ni jawabu, sabab ni sababu. Msifurahi mno. Maktab ni shule, si mahali pa kuazima vitabu, na mimi, nikikusudia maktaba, niliwahi kumhakikishia mama mmoja kwamba mwanawe anaweza kwenda maktab hata Jumapili. Yule mama alikuwa mpole, akadhani ndio utaratibu wa Amerika.

Kingine kitakachowapendeza ni jinsi neno linavyojengwa. Sisi tunapakia mizigo mbele ya shina: ni-ta-m-pigia. Wao wanapakia nyuma. Kitoblarimizdan ni neno moja, na maana yake ni "kutoka katika vitabu vyetu". Anayejua kupakia mbele anaweza kujifunza kupakia nyuma. Anachohitaji ni uvumilivu, kwa sababu kitenzi kinakuja mwisho kabisa wa sentensi, na kukanusha kumo ndani ya kitenzi. Hili lilinitia aibu mwaka wangu wa kwanza kazini. Tulikuwa kwenye kikao cha bima, na dereva mmoja Mwuzbeki alikuwa anaeleza ajali. Akaanza: mimi, pale kwenye taa nyekundu, gari la yule mama, kwa nyuma... Nami, kwa bidii ya mgeni, nikaanza kutafsiri hapo hapo kwa Kiingereza kwamba aliligonga. Kumbe kitenzi kilikuwa bado njiani, na kilipofika kilisema hakuligonga. Nilikuwa nimeshakiri kosa kwa niaba yake. Tangu siku hiyo nilijifunza kufunga mdomo mpaka sentensi ifike mwisho wa safari yake, na hilo limenisaidia hata nyumbani.

Mtakutana pia na furaha ndogo ndogo ambazo wakalimani wa lugha nyingine hawana. Daktari anauliza, "Kwenye familia kuna kisukari?" Mgonjwa anajibu kwamba tog'a alikuwa nacho. Kwa Kiingereza ni "uncle" tu, na daktari hajui ni upande gani. Sisi hatuhangaiki. Tog'a ni mjomba, amaki ni baba mdogo au baba mkubwa, amma ni shangazi, xola ni mama mdogo au mkubwa. Kila mtu amekaa kwenye kiti chake. Wala hawana "he" na "she". U ni yeye, basi. Lakini na ninyi mkae macho, maana muuguzi akiuliza kama aliyeanguka ni mwanamume au mwanamke, mtagundua kwamba mmesikiliza hadithi nzima bila kujua.

Na kabla hamjampa mtu karatasi ya maelekezo ya dawa, muulizeni anasoma herufi gani. Lugha hii imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, halafu za Kilatini, halafu za Kirusi, halafu Kilatini tena. Nimeingia ghorofa moja hapa Route 7 ambako binti wa mlango wa kwanza anasoma Kilatini, baba mkwe wake anasoma herufi za Kirusi, na jirani wa mlango wa pili, aliyetoka kaskazini mwa Afghanistan, anasoma Kiarabu. Wote watatu wakiongea wanaelewana. Ukiwapa karatasi moja, wawili wanaitazama kwa heshima na kuikunja.

Haya yote ni ufundi, na ufundi unafundishika. Lakini kuna jambo ambalo sikuhitaji kufundishwa, nilizaliwa nalo, na bado ndilo nililoliharibu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Loretta, msimamizi wetu wa wakalimani. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapa hapa D.C., aliyejifunza Kiswahili ujanani kwa madarasa ya jioni na akakishika kwa mikono miwili. Kiuzbeki hakujua hata neno. Kiswahili alikijua kwa kunisahihisha ngeli mbele za watu. "Ndugu Elia," alikuwa akisema, "si 'gari yangu'. Ni 'gari langu'. Gari ni lako, lipe haki yake." Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, mkalimani husema kwa nafsi ya mgonjwa: akisema "ninaumwa", unasema "ninaumwa", husemi "anasema anaumwa". "Ukishasema 'anasema'," alituambia, "umeshatoka chumbani." Ya pili, kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho.

Niliziheshimu kanuni zote mbili, isipokuwa kwenye salamu.

Mwuzbeki wa makamo anapomsalimu mtu hasemi "hujambo" akakaa. Anaweka mkono kifuani na kuanza: Assalomu alaykum, hujambo, u mzima wa afya, nyumbani kuko salama, wazazi hawajambo, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, hujachoka? Na unapojibu, unatakiwa umrudishie yote. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anaijua ngoma hii. Bibi yangu wa Singida alikuwa anasalimia mpaka mbuzi wa mtu. Lakini mimi nilikuwa nimeshakaa Amerika miaka, naendesha kwenye barabara kuu ya Beltway kila siku, kliniki inampa kila mgonjwa robo saa, na madaktari niliowapenda ni wale waliomaliza kwa wakati. Kwa hiyo mgonjwa alipomaliza mlolongo wake mzima, mimi nilimgeukia daktari na kusema kwa Kiingereza, "Anakusalimu." Daktari anasema "Hi," tunaendelea. Niliona ni ustadi. Niliwahi hata kujisifu kwa mwenzangu wa Kiajemi kwamba mimi namwokolea daktari dakika nne kwa kila mgonjwa.

Asubuhi moja nilipangiwa mzee mmoja, Ergash-ota. Ota ni baba, na mtu mzima wa umri huo haitwi jina tupu. Alikuwa amekuja kutoka Fergana kuishi na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye siku hiyo alikuwa barabarani. Kwa hiyo mzee aliletwa na mkwewe, Nargiza. Mzee alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alivaa kofia yake nyeusi yenye nakshi nyeupe, koti la suti, na viatu vilivyong'aa. Daktari alikuwa kijana, mwenye miduara chini ya macho, ameshika kompyuta mkononi kama sinia.

Mzee akaweka mkono kifuani, akasalimu. Akauliza afya, nyumba, wazazi, watoto, kazi, uchovu. Nikasema, "Anakusalimu."

Daktari akasema "Hi," akauliza kama kuna maumivu.

"Namshukuru Mungu, sijambo," mzee akasema.

Kukojoa usiku? Hajambo. Macho? Hajambo. Miguu, kuna kidonda, ganzi, chochote?

"Miguu iko salama."

Daktari akaomba avue viatu aitazame. Mzee akatabasamu kwa adabu, akasema hakuna haja ya kumsumbua daktari, ana kazi nyingi. Daktari akarudia. Mzee akarudia. Daktari akaandika kwamba mgonjwa amekataa, akatupangia turudi baada ya miezi mitatu, na tukamaliza mapema. Nilitoka nimeridhika kabisa.

Nargiza alinifuata kwenye korido wakati mzee yupo msalani. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Aka, soksi ya mguu wa kushoto. Nailoweka kila siku. Kila siku ina kitu."

"Kitu gani?"

"Kinanuka."

"Kwa nini hukusema mle ndani?"

Alinitazama kama ninayemuuliza kwa nini haruki dirishani. "Mimi ni kelin," alisema. Kelin ni mke wa mwana. Kwa familia kama yao, kelin hazungumzii mwili wa baba mkwe wake mbele yake, mbele ya wanaume wawili, kwa sauti. Hata mimi, aka, yaani kaka wa kuitwa tu, alikuwa ananiambia huku akiona haya. "Mwambie wewe."

Mzee akarudi akirekebisha koti, wakaondoka. Nami nilibaki na siri ya mguu wa mtu. Kanuni inasema mkalimani habebi maneno ya korido. Lakini kisukari nakijua; baba yangu mdogo alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama punje ya mahindi. Nikampigia Bi Loretta kutoka kwenye maegesho na kumweleza yote.

 Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ndugu Elia, alipoingia alisalimu?"

"Alisalimu sana."

"Na wewe ukatafsiri?"

"Nilifupisha."

"Ulifupisha vipi?"

"Nilisema anakusalimu."

"Anakusalimu," alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. "Kwa hiyo mzee ameuliza habari za wazazi wa daktari, na daktari amejibu 'Hi'. Mimi nimejifunza Kiswahili darasani. Wewe umezaliwa nacho. Niambie, kwenu, mtu asiyejibu anapoulizwa kama mama yake yu hai anaoneshwa kidonda?"

 Kisha akatoa uamuzi: angempigia daktari yeye mwenyewe, aseme familia ina wasiwasi na mguu, mzee arudishwe haraka. Na mimi ningekwenda tena. "Safari hii," alisema, "usiwe bahili."

Nafasi ilipatikana baada ya siku mbili. Siku mbili hizo nilizihesabu. Kidole kinaweza kufa kwa siku mbili. Wakati mwingine na mguu.

Kabla hatujakaa niliomba ruhusa ya kusema kwa niaba yangu, jambo ambalo mkalimani anaweza kulifanya alimradi alitamke kwa lugha zote mbili, pasiwe na mtu wa kunong'onewa. Nilisema kwamba mara iliyopita sikutafsiri salamu kikamilifu, na leo nitazitafsiri zote, na ni kawaida kujibiwa. Daktari alitazama saa ya ukutani. Sikumlaumu. Kisha akaiweka kompyuta juu ya meza na kusema, "Sawa."

Mzee akaanza upya, mkono kifuani, kana kwamba hajawahi kumwona daktari maishani. Nami nikawa yeye. Hujambo? Daktari akasema hajambo. Nyumbani kuko salama? Akasema anaishi peke yake, lakini ndiyo, kuko salama. Wazazi wako wazima? Akasema baba alifariki, mama yupo Ohio, magoti yanamsumbua. Mzee akasikitika kwa urefu unaostahili, akamwombea baba kwa kufungua viganja, na akataka kujua kama mama ana mtu wa kumpandisha ngazi. Daktari akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba hana, na kwamba yeye hulifikiria hilo. Kazi zinaendaje? Nyingi. Hujachoka?

 Saa ya ukutani ilisonga. "Nimechoka," daktari alisema. "Nimechoka sana, kwa kweli."

Nilipomtafsiria, mzee alitikisa kichwa, akainama na kuanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto. "Basi nisimcheleweshe mtu aliyechoka," alisema. "Kuna kitu kidogo hapa."

Nargiza aligeuka akatazama ukuta. Hakikuwa kidogo. Kidole cha nne kilikuwa cheusi mpaka kwenye shina, na wekundu ulikuwa umeshaanza kupanda juu ya unyayo. Siku ile ile alilazwa, na kesho yake kidole kikakatwa. Mguu ulibaki.

Nilimuuliza daktari baadaye kama zile siku mbili zingeleta tofauti. Alisema hajui. Mtazoea kutafsiri maneno hayo kwa watu wengine, vijana. Kuyapokea mwenyewe ni jambo jingine.

Siku ya tatu nilikuwa wodini kwa ziara ya asubuhi. Mzee alikuwa ameegemea mito, mguu umefungwa bandeji, kofia kichwani. Alimaliza salamu zake kwa daktari, nikazitafsiri zote, kisha akanigeukia mimi. Mimi nyumbani kwangu kuko salama? Mimi wazazi wangu? Watu hawamuulizi mkalimani. Tunazoea kuwa kama simu. Nilimweleza daktari kwamba mgonjwa anaongea na mkalimani, na nikaomba nijibu. Daktari akasema tutasubiri.

Nikamjibu. Na kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia na lile jingine: siku ya kwanza alisema maneno mengi, mimi nikapeleka moja.

"Bilaman, uka," mzee akasema. Najua, mdogo wangu. "Mimi ni mgonjwa wa sukari, si kiziwi. Nilisema kwa dakika nzima, wewe ukasema kwa pumzi moja. Nikadhani daktari hana wazazi na wewe unamfichia aibu. Nikasema nisimwongezee mzigo wa mguu."

Hayo nayo ilibidi niyatafsiri, neno kwa neno, pamoja na kukiri kwangu, kwa nafsi ya kwanza. Katika miaka yangu yote sikumbuki sentensi zilizokuwa nzito mdomoni kama zile. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akaanza kueleza kuhusu bandeji, na lini mzee ataweza kuvaa kiatu.

Mzee akainua kiganja. "Kwanza muulize kama amekula."

Hakuwa amekula. Nargiza alikuwa ameleta non, mkate wao wa mviringo, umefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Mzee aliumega kwa mikono, kwa sababu kisu hakiugusi mkate huo, akanyoosha kipande kwa daktari. "Oling, oling, oling," alisema.

Nikamwambia daktari: "Chukua. Chukua, tafadhali. Chukua."

Alichukua kwenye ile ya tatu.